Mlolongo Tuliourudia kwa Hiari Yetu

Mwanzoni mwa Desemba 2025, wiki moja baada ya kumaliza mtihani wa kidato cha nne, mtoto wa mdogo wangu alinijia nyumbani hapa Likoni akiwa na kitambulisho chake kipya mfukoni, akaniomba nimsindikize kwenye ofisi ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ili ajiandikishe kuwa mpiga kura. Angeweza kwenda peke yake, kwa sababu njia anaijua na ameishi kwa bibi yake mtaa huu huu tangu aingie sekondari. Nilielewa kwamba alikuwa na la kuniambia, kwa hiyo nikavaa buibui, nikafunga mlango, tukatoka kwa miguu.

Njiani aliniuliza, "Shangazi, nikishajiandikisha, mimi ni wa chama gani?" Nikamjibu kwamba kujiandikisha kupiga kura hakumfanyi mtu kuwa mwanachama wa chama chochote. Akanyamaza kwa hatua kadhaa, kisha akasema bila kunitazama, "Ule ujumbe uliomwandikia Baba mwaka ule wa uchaguzi, aliyeusoma kwanza ni mimi. Simu ilikuwa mkononi mwangu."

Mwaka ule alikuwa na umri wa miaka 15. Ujumbe wenyewe naukumbuka neno kwa neno, na kwa muda wa miaka mitatu nilikuwa nimejiaminisha kwamba ni jambo lililopita baina yangu na mdogo wangu tu, kama maneno mengi makali yanavyopita baina ya watu waliozaliwa pamoja. Siku ile, kabla hatujafika kwenye ofisi ya tume, nilitambua kwamba sikuwa nimeyasema maneno yale kwa mtu mzima mwenye msimamo wake wa kisiasa. Nilikuwa nimeyasema kwa mtoto.

Nataka kueleza nilifikaje hapo, kwa kuwa naamini sikufika peke yangu.

Jumanne tarehe 9 Agosti 2022 nilikuwa kwenye foleni ya kituo chetu, ambacho ni shule ya msingi, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kidole changu gumba kilikataa mara mbili kwenye kile kifaa cha kutambua wapiga kura, karani akaniambia nikifute kwa leso, mara ya tatu picha yangu ikatokea. Nilikabidhiwa karatasi tano badala ya sita. Karatasi ya ugavana haikuwapo, kwa sababu siku moja kabla, tume ilikuwa imeahirisha uchaguzi wa magavana wa Mombasa na Kakamega baada ya kugundulika kwamba karatasi zilichapishwa zikiwa na makosa. Watu walinung'unika kwenye foleni, na mzee mmoja nyuma yangu akasema kwamba kila mara jambo la Pwani ndilo linalosahaulika. Mimi sikujali sana. Karatasi niliyoijia ilikuwa ile ya urais, na nilipoitia alama nilihisi kama mtu anayetia saini cheti cha ndoa.

Chungwa lilikuwa nyumbani kwetu tangu mwaka 2005. Katika kura ya maoni ya Novemba mwaka ule tume ya uchaguzi iliwapa waliokuwa wakiunga mkono katiba mpya alama ya ndizi, na waliokuwa wakiipinga wakapewa chungwa ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Chungwa likashinda. Kutokana na tunda lile kikazaliwa chama cha ODM, na kwa wengi wetu hapa Mombasa chama hicho kikageuka kuwa ukoo. Nilikuwa na leso yake na kofia yake, na wimbo wake ulikuwa mlio wa simu yangu. Nikikutana na mtu mgeni nilikuwa napima kwanza kama ni mwenzetu kabla ya kuamua nimsalimie kwa uchangamfu wa namna gani. Mwaka 2017 nilikuwa nikizima televisheni kila Rais Uhuru Kenyatta alipotokea. Mwaka 2022 alipokuwa akimpigia debe Raila Odinga, kiongozi wa chama chetu, nilikuwa nikimpigia makofi. Katikati ya miaka hiyo palikuwa na ile siku ya Machi 2018 waliposhikana mikono kwenye ngazi za Jumba la Harambee. Sikuwahi kujiuliza ni nini hasa kilichobadilika katika sera zake, kodi zake au madeni aliyokuwa akiyachukua kwa jina letu. Nilichojua ni kwamba wakubwa wa chama changu walikuwa wamempokea, nami nikampokea.

Mdogo wangu anauza vitunguu katika soko la Kongowea. Alipiga kura ya chungwa mwaka 2013 na mwaka 2017 kama sisi wote, lakini mwaka 2021 akaanza kuvutwa na maneno ya William Ruto, naibu wa rais aliyekuwa akiutaka urais, yale ya hasla, yaani mtu anayehangaikia riziki, ya mama mboga na mwendesha bodaboda, ya uchumi utakaojengwa kuanzia chini. Siku moja alikuja kula kwa Mama akiwa amevaa fulana ya njano yenye picha ya wilbaro kifuani, alama ya UDA, chama cha Ruto. Nilimuuliza kama amelipwa. Alijibu kwa upole ambao ningepaswa kuuheshimu, "Dada, nimeuza vitunguu miaka kumi na minne. Huyu ndiye mtu wa kwanza anayeomba urais nikamsikia akitaja kazi yangu." Hilo lilikuwa jawabu la mtu aliyefikiri. Lingeweza kufungua mazungumzo marefu, kuhusu ushuru wa soko, kuhusu mikopo isiyomfikia mtu asiye na hati ya shamba, kuhusu ule unga wa shilingi 100 kwa pakiti ya kilo mbili uliotangazwa Julai 2022 na ambao duka la mtaani kwetu halikuupokea hata siku moja. Badala yake mimi niliiona fulana tu, na kuanzia siku ile nikawa nasema naye kama mtu anayesema na fulana.

Siku sita zile za kusubiri matokeo zilinitia wazimu wa kimya kimya. Tume ilikuwa imeweka Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais, za vituo zaidi ya 46,000 kwenye intaneti, kila mtu akaruhusiwa kuzisoma na kujumlisha, jambo la uwazi mkubwa ambalo kwa haki nalisifu hata leo. Vituo vya televisheni vilianza kujumlisha kila kimoja kwa mpangilio wake, tarakimu zikawa hazilingani, mara huyu yuko mbele huku, mara yule yuko mbele kule, kisha vikapunguza kasi na hatimaye vikanyamaza. Nilikuwa nikiamka saa nane usiku kupakua fomu za maeneo ambayo sijawahi kuyakanyaga, Turkana na Bomet na Vihiga, na kuziandika kwenye daftari la hesabu. Kwenye kila fomu iliyotupa kura nyingi niliona uaminifu; kwenye kila fomu iliyompa mpinzani wetu kura nyingi niliona wizi. Makarani walioziandika ni watu wa aina moja, walimu na vijana walioajiriwa kwa siku chache, na mwandiko wao ulikuwa umechoka vile vile pande zote mbili.

Jumatatu tarehe 15 Agosti, jioni, tulikuwa sebuleni kwa Mama tukitazama matangazo kutoka Bomas, ukumbi wa Nairobi ambako kura za urais zilikuwa zikijumlishwa. Makamishna wanne kati ya saba walikuwa wametoka kwenda kuwaambia waandishi wa habari kwamba hawayatambui matokeo. Jukwaani palizuka vurugu, viti vikarushwa, na Mama akafunika uso kwa upindo wa leso kwa sababu picha ile ilimkumbusha mwisho wa mwaka 2007, siku ambazo nchi iliteketea na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Hatimaye mwenyekiti Wafula Chebukati alisoma: Ruto kura 7,176,141, Raila kura 6,942,930. Tofauti ilikuwa kura 233,211. Nilitoka nje nikasimama kwenye giza la uani, na nilichokihisi kilifanana kabisa na kufiwa. Hata sasa sikioni kitu cha kukionea haya. Mtu aliyetumaini kwa miaka 17 ana haki ya kulia.

Saa tatu usiku mdogo wangu alituma kwenye kundi letu la familia picha ya wilbaro iliyojaa maua, na chini yake akaandika, "Dada, safari hii zamu yetu." Sikumjibu kwenye kundi. Nilimwandikia peke yake: "Usinitumie takataka zako. Na karo ya mtoto muhula ujao usije kuniomba. Mwambie hasla mwenzako wa Ikulu akulipie." Zile alama mbili zikageuka buluu karibu papo hapo. Nilingoja jawabu hadi usiku wa manane, na lilipokosa kuja nikadhani amesoma, akacheka, akaiweka simu kando. Kumbe aliyesoma alikuwa mtoto, ambaye baba yake alimpa simu acheze alipokuwa akifunga hesabu za soko, na ambaye alikaa nayo mkononi bila kujua amwambie nini.

Mdogo wangu hakuniomba karo muhula ule wala mwingine wowote. Baadaye wifi yangu alinieleza kwamba aliiuza pikipiki aliyokuwa akibebea mizigo, na kwamba kabla haijapata mnunuzi mtoto alikuwa amekaa nyumbani siku kumi kwa sababu ya salio. Mama aliposikia alituita sote wawili, akatukalisha kwenye mkeka, akasema, "Nyinyi mmenyonya ziwa moja. Huyo mnayempigania amelinyonya lini?" Tulipeana mikono mbele yake kwa sababu ni Mama. Baada ya hapo tuliendelea kuonana kwenye harusi na mazishi na Idi, tukaulizana hali, tukapitishiana sinia la biriani, na hatukusema neno lenye uzito kwa muda wa miaka mitatu.

Tarehe 29 Agosti nilirudi kwenye shule ile ile kupiga kura ya ugavana iliyoahirishwa. Uwanja ulikuwa karibu mtupu. Hata ile ya kwanza, ya tarehe 9, Mombasa nzima waliojitokeza walikuwa chini ya nusu ya waliojiandikisha, na nilipokuwa nikiwalaumu waliobaki nyumbani sikuwahi kufikiri kwamba huenda wapo waliochoka kuulizwa wao ni wa nani. Mgombea wa ODM, Abdulswamad Nassir, alishinda. Wiki moja baadaye, tarehe 5 Septemba, majaji wote saba wa Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Martha Koome waliyakataa malalamiko yetu na kuidhinisha matokeo ya urais. Mahakama hiyo hiyo ilikuwa imefuta uchaguzi mwaka 2017 tukaisifu kwamba ni ya kupigiwa mfano Afrika nzima. Nilimeza uamuzi wake kwa tabu, lakini niliumeza, kwa kuwa sikuona jinsi mtu anavyoweza kuiheshimu mahakama siku anayoshinda tu.

Lililonivunja moyo halikuwa kushindwa. Liliniingia polepole, kwa muda wa miezi mingi, na ndilo ninalolitaka msomaji alitazame pamoja nami kwa makini. Kabla hata rais mpya hajaapishwa tarehe 13 Septemba, chama cha UDM kilichokuwa upande wetu kilikuwa kimekwisha kuhamia kwa washindi, na wabunge waliochaguliwa wakiwa huru walikuwa wamepanga foleni kuelekea huko huko. Hapa Pwani chama cha PAA cha Amason Kingi kilikuwa kimetia saini ya kuingia Azimio, muungano wetu, kisha, miezi mitatu tu kabla ya uchaguzi, kikatoka na kujiunga na Kenya Kwanza, muungano wa Ruto; Septemba ile Kingi akawa Spika wa Seneti. Sisi tuliendelea kusimama jua kali. Mwaka 2023 vijana walitoka barabarani kwa ajili ya Azimio wakidai gharama ya maisha ipunguzwe na seva za tume zifunguliwe, na wapo waliopigwa risasi wakafa. Kisha ukaja Juni 2024, vijana wakatoka tena kupinga Mswada wa Fedha, safari hii wakisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Tarehe 25 Juni waliingia Bungeni, makumi wakapoteza maisha katika siku zile, mswada ukaondolewa, baraza la mawaziri likavunjwa. Na nani walioitwa kuja kulijaza baraza jipya? John Mbadi, Opiyo Wandayi, Wycliffe Oparanya, na Hassan Joho wetu wa Mombasa, wote vigogo wa ODM. Machi 2025 Ruto na Raila walitia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja, na chungwa na wilbaro wakawa kapu moja.

Sisemi kwamba maridhiano ni mabaya. Nchi iliyozika watu wake mwaka 2008 ina sababu nzuri za kupenda viongozi wakae meza moja, na huenda serikali ile jumuishi ilizuia damu nyingine. Ninachosema ni kwamba siku nilipomwona Joho akiapishwa Ikulu mbele ya rais ambaye kwa ajili yake nilimnyima mtoto karo, niliketi kitandani nikauliza kwa sauti: na mimi, nani ataniita mezani na mdogo wangu? Wao walikuwa na wapatanishi, magari ya serikali na kalamu za kutilia saini. Sisi ugomvi wetu haukuandikwa popote, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kuufuta.

Tangu hapo nimekuwa nikiitazama historia ya vyama vyetu kwa jicho jingine. Chukua washindi wa urais tangu mwaka 2002. Kibaki aliingia kwa NARC. Miaka mitano baadaye aligombea kwa PNU. Uhuru Kenyatta alishinda mwaka 2013 akiwa na TNA na mwaka 2017 akiwa na Jubilee. Ruto alishinda mwaka 2022 kwa UDA. Chaguzi tano, vyama vitano, na hakuna hata kimoja kilichomfikisha mtu Ikulu mara mbili. Mtu anayejenga nyumba ya kukaa haibomoi kila baada ya miaka mitano. Anayefanya hivyo amejenga kibanda cha kungojea gari. Mwaka 2021, msajili wa vyama alipofungua mtandao ili wananchi waangalie uanachama wao, nilijikuta nimeandikishwa katika chama ambacho sijawahi kukanyaga ofisi yake, na wenzangu wengi kazini walijikuta hivyo hivyo. Nilijitoa kwa kubonyeza simu mara tatu. Hata hilo halikunifundisha wakati ule. Nilikasirikia chama kile cha wageni, na sikufikiri kwamba chama changu cha moyoni nacho hakikuwahi kuniita kwenye mkutano hata mmoja wa kuniuliza nataka nini.

Marehemu baba yangu aliniachia kumbukumbu ambayo siku hizi hainitoki. Mwaka 1988, nikiwa na umri wa miaka 11, nilimfuata kwenye uwanja ambako wanachama wa KANU, chama pekee cha wakati ule, walikuwa wakichagua wagombea wa ubunge kwa mlolongo. Hapakuwa na sanduku wala karatasi. Kila mgombea alikuwa na mtu aliyeshika picha yake, wapiga kura wakasimama nyuma ya picha wanayoitaka, msimamizi akapita akihesabu vichwa, na aliyepita asilimia 70 alihesabiwa amechaguliwa bila ya kwenda kwenye kura ya siri. Baba alisimama nyuma ya mgombea aliyeonekana wazi kwamba hatakiwi na wakubwa. Mstari ule ulikuwa mfupi. Namkumbuka akiwa amevaa kanzu nyeupe, mikono ameifumbata nyuma, hageuki kushoto wala kulia, na watu wa mstari mrefu wakimtazama mgongoni na wengine wakiandika. Mwezi uliofuata aliondolewa kwenye zamu aliyokuwa nayo kazini kwa miaka tisa. Hakuambiwa sababu, na hakuuliza.

Mlolongo uliachwa mwaka 1990. Mwaka huo huo watu walipigwa na kufungwa tarehe 7 Julai, siku tunayoiita Saba Saba, wakidai vyama vingi, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kikaondolewa katika katiba. Kwa hiyo mimi siwezi kusema kwamba vyama havina maana. Nimekulia katika nyumba iliyoonja ladha ya chama kimoja. Baba alipopiga kura mwaka 1992 alirudi nyumbani akakaa barazani, Mama akamuuliza amemchagua nani, naye akatabasamu na kusema, "Hiyo sasa ni yangu." Nilikuwa na miaka 15, umri ule ule aliokuwa nao mtoto wa mdogo wangu alipousoma ujumbe wangu.

"Hiyo sasa ni yangu." Walioteseka waliteseka ili mtu aweze kusimama nyuma ya kibanda cha kadibodi, peke yake na Mola wake, bila ya mgongo wake kutazamwa na mwajiri wala jirani wala dada yake. Nasi tulifanya nini na zawadi ile? Tulitoka wenyewe nje ya kibanda, bila ya kulazimishwa na mkuu wa wilaya yeyote, tukapanga mistari upya. Tukaivaa kura mwilini kwa fulana na leso, tukaitundika kwenye simu, tukaifanya salamu. Yule mtu aliyekuwa akiandika majina ya watu wa mstari mfupi mwaka 1988, kazi yake nilikuja kuifanya mimi mwaka 2022, nikamwandika mdogo wangu, na adhabu nikaitoa mimi mwenyewe kabla ya usiku kwisha. Tofauti ni kwamba Baba alipoondolewa kwenye zamu, walau hapakuwa na aliyedai kwamba ni kwa mapenzi ya nchi.

Raila alipofariki dunia nchini India tarehe 15 Oktoba 2025, simu ya kwanza kunifikia ilikuwa ya mdogo wangu. Nilikuwa bado sijasikia habari. Alisema, "Dada, uko na nani hapo? Kaa chini kwanza." Kisha akanipa pole kama wanavyopewa wafiwa, akataja jina langu lote, na mwishoni akaniuliza kama nimekula. Nililia sana siku ile. Nilimlilia mzee aliyefungwa miaka mingi kwa ajili ya haki nilizozirithi bila kuzigharamia, na nilijililia mwenyewe, kwa sababu mtu aliyenikalisha chini ili habari isiniangushe ndiye niliyekuwa nimemwambia asiniombe kitu. Hata hivyo nilishukuru, nikakata simu, na sikusema lile nililopaswa kulisema. Ilibidi mtoto aje aniambie.

Kwenye ofisi ya tume siku ile ya Desemba kazi ilichukua chini ya nusu saa. Karani, binti mdogo aliyevaa hijabu ya kijivu, aliangalia kitambulisho, akamwomba kijana aweke vidole kimoja kimoja kwenye kioo, akampiga picha, akamuuliza angependa kupigia kura kituo gani. Hakumuuliza zaidi ya hayo. Kijana alinigeukia kana kwamba anatafuta swali lililobaki. Tulipotoka alitaka kujua nitampigia nani tarehe 10 Agosti 2027, nikamwambia ukweli kwamba sijui, na kwamba hata nitakapojua sitamwambia, wala yeye asiniambie. Kuhusu ujumbe nilimwomba radhi pale pale barabarani. Aliinamisha kichwa akasema, "Yameisha, Shangazi," kwa ile sauti ya mtoto aliyefunzwa adabu, ambayo haikuniambia kama yameisha kweli.

Jumamosi iliyofuata nilivuka feri asubuhi, nikapanda matatu mjini, nikapita Daraja la Nyali hadi Kongowea. Mdogo wangu alikuwa akipima vitunguu kwenye mzani, mgongo wake umenielekea. Aliponiona alishtuka. "Dada, kuna nini? Mama hajambo?"

"Mama hajambo. Nimekuja kwa jambo langu."

"Ngoja nimmalize mteja huyu."

Nilikaa juu ya kreti nikangoja. Alimhesabia mama yule chenji, akapangusa mikono kwa gunia, akakaa kwenye kreti ya pili. Nilimweleza yote, neno kwa neno, pamoja na lile la mtoto kuwa ameshika simu. Hilo la simu hakuwa akilijua. Alikuwa akidhani aliufungua yeye mwenyewe asubuhi yake. Alinyamaza muda mrefu, akawa anachambua maganda ya kitunguu kimoja hadi kikabaki cheupe. Kisha akasema kwamba na yeye alinichokoza, kwamba ile picha ya maua ilikuwa ya kuniumiza na alijua. Akasema pia kwamba ushuru umepanda mara mbili tangu wakati ule, na fulana ile sasa anafungia mdomo wa gunia. Hatukulizungumza zaidi. Nilimwambia kwamba mtoto akipata nafasi ya chuo, nataka kujua karo ni kiasi gani. Alijibu kwamba tutaona.

Alinifungia kilo mbili nimpelekee Mama, akakataa pesa, akaninyanyulia mfuko hadi steji. Matatu ilipokuwa ikijaa aliinama dirishani akasema Ijumaa atavuka, tumwekee chakula.